Élie Metchnikoff: Mwanasayansi wa Maziwa Lala

Utangulizi

Mtu yeyote anayepita Eastleigh asubuhi, katika upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, hawezi kukosa kuwaona akina mama walioketi nyuma ya madumu ya plastiki wakiuza maziwa ya ngamia. Aghalabu maziwa hayo husafiri usiku kucha kwa basi kutoka Isiolo. Mengine hufika yakiwa mabichi, na mengine hufika yakiwa yamekwisha kuchacha, nayo ndiyo waitayo susa. Ukitoka hapo ukashika njia ya Pumwani, ukapitia Kaloleni na Bahati hadi Jericho, Buruburu, Umoja na Kayole, utaona kwamba ni nadra duka la mtaani kukosa mala. Jina hili la mala ni zao la ubunifu wa wasemaji wenyewe: maziwa yaliyolazwa yaliitwa maziwa lala, kisha maziwa lala yakafupishwa yakawa mala.

Wakazi wengi wa mitaa hii wanaamini kwamba maziwa ya aina hii hutuliza tumbo. Mgonjwa aliyeharishwa na dawa kali hushauriwa anywe mala, naye anayepata nafuu huandaliwa uji uliochachishwa. Siku hizi imani hiyo imevikwa joho la sayansi. Maduka ya dawa huuza vidonge vyenye bakteria na hamira hai viitwavyo probiotiki, na wapo wanaodai kwamba vidonge hivyo huondoa uvimbe wa utumbo. Je, madai haya yana ukweli kiasi gani? Swali hili si la mzaha. Anayeharisha damu katika chumba kimoja cha kupanga, akaambiwa mala yatosha, anaweza kuponzwa na ushauri huo. Kwa upande mwingine, anayeidharau mala kwa kuwa ni ya kienyeji huenda akatupa kitu chenye thamani.

Ili kulijibu swali hili, hatuna budi kumrejelea mtu aliyeyatoa maziwa ya mgando jikoni akayaingiza katika kumbi za wanasayansi, hata dunia nzima ikayazungumzia. Mtu huyo ni Élie Metchnikoff. Makala haya yananuia kuyasimulia maisha yake, na kuonyesha mahali alipopata na mahali alipokosea. Kabla ya kuendelea, ni vyema kufafanua istilahi moja. Neno uvimbe katika makala haya halina maana ya jipu wala saratani. Linarejelea ile hali ya sehemu ya mwili kupata wekundu, joto, kuvimba na maumivu inapojeruhiwa au kuvamiwa.

Kuzaliwa na masomo

Metchnikoff alizaliwa mwezi wa Mei 1845 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkiv, katika nchi ambayo leo ni Ukraini na ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya himaya ya Urusi. Kwao aliitwa Ilya Mechnikov. Hilo jina la Élie Metchnikoff ndilo alilojulikana kwalo Ufaransa. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto watano. Babake alikuwa afisa wa kikosi cha walinzi wa mfalme, naye mamake alitoka katika ukoo wenye asili ya Kiyahudi.

Tangu utotoni alivutiwa mno na mimea na wanyama. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Kharkiv alikamilisha kwa miaka miwili masomo yaliyopangiwa miaka minne, akahitimu mwaka 1864. Baadaye alikwenda Ujerumani na Italia, ambako alichunguza viumbe wa baharini wasio na uti wa mgongo. Mwaka 1867 alianza kufundisha katika chuo kikuu cha Odessa akiwa na umri wa miaka 22 tu. Yafaa msomaji azingatie jambo hili: Metchnikoff hakusomea udaktari. Alikuwa mtaalamu wa wanyama, na jicho lake la mtaalamu wa wanyama ndilo lililomwezesha kuona yale ambayo madaktari hawakuyaona.

Misiba

Mwaka 1869 Metchnikoff alimwoa Ludmila Feodorovitch. Bibi arusi alikuwa amedhoofishwa na kifua kikuu hivi kwamba ilibidi abebwe kwa kiti hadi kanisani. Kwa takriban miaka minne mumewe alihangaika naye nchi hadi nchi akimtafutia hali nzuri ya hewa, lakini mwaka 1873 Ludmila alifariki katika kisiwa cha Madeira. Metchnikoff, ambaye wakati huo alisumbuliwa pia na maradhi ya macho, alizidiwa na huzuni akameza afyuni kwa nia ya kujiua. Hakufa.

Mnamo 1875 alioa tena. Mkewe wa pili, Olga Belokopytova, aliugua homa ya matumbo mwaka 1880, na maisha yake yakawa hatarini. Olga alipona, lakini mumewe alikuwa amevunjika moyo upya, na hali ya siasa chuoni Odessa ilizidi kumkosesha amani. Mwaka 1881 alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ya kujirudia. Aliugua vibaya, kisha akapona. Baada ya kupona alikuwa kama mtu mwingine. Yule aliyejaribu kuyakatiza maisha yake mara mbili alitumia miaka yake iliyosalia akitafuta namna ya kuyarefusha maisha ya binadamu.

Miba ya waridi

Mwaka 1882 Metchnikoff aliacha kazi yake chuoni, akahamia kwa muda Messina, katika kisiwa cha Sicily, pamoja na Olga na wadogo zake. Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama nyani katika sarakasi, naye akabaki nyumbani na hadubini yake akichunguza viluwiluwi vya kiti cha pweza. Viluwiluwi hivyo vina mwili unaopenya mwanga, na ndani yake aliona seli zinazotembea huku na huko. Wazo likamjia: huenda seli hizo ni walinzi. Ikiwa ni hivyo, mwiba ukidungwa mwilini, seli zitaukimbilia.

Alitoka bustanini akachuma miba ya waridi, akaidunga chini ya ngozi ya viluwiluwi hivyo. Usiku huo hakupata usingizi kwa shauku. Asubuhi alizikuta seli zimeuzingira kila mwiba. Jambo hili si geni kwa mtoto yeyote aliyewahi kucheza pekupeku katika viwanja vya Kaloleni akachomwa na mwiba: kesho yake kidole huvimba, kikawa chekundu na kutunga usaha. Usaha huo kwa sehemu kubwa ni seli zilizofika kupigana.

Mwaka uliofuata, Carl Claus wa Vienna alisaidia kuzipa seli hizo jina lenye asili ya Kigiriki ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulitamka fagosaiti, yaani seli mlaji. Mnamo 1884 Metchnikoff alieleza vita vingine, safari hii ndani ya kidudu kidogo cha maji baridi. Kidudu hicho kilikuwa kimemeza vimelea vya jamii ya hamira vyenye umbo la sindano. Vimelea hivyo vilitoboa ukuta wa utumbo na kuingia mwilini, na hapo seli za kidudu zikavivamia na kuvila. Seli zikishinda, kidudu huishi, zikishindwa, hufa. Jenasi moja ya hamira ilikuja kuitwa Metschnikowia kwa heshima yake. Inafaa tuikumbuke hamira hiyo tunapoambiwa kwamba kila hamira ni rafiki wa tumbo.

Fundisho la uvimbe

Mwaka 1886 Metchnikoff alipewa uongozi wa kituo cha bakteria mjini Odessa, kilichoanzishwa ili kutoa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kazi hiyo haikumnyookea. Madaktari hawakufurahia kuongozwa na mtu asiye daktari, na jaribio la kuwachanja kondoo dhidi ya kimeta likaishia kwa vifo vya kondoo wengi. Mwaka 1888 aliondoka akaenda Paris, ambako Louis Pasteur alimpa maabara katika taasisi yake mpya. Humo alifanya kazi kwa miaka 28, hadi mwisho wa uhai wake.

Mnamo 1891 alitoa huko mfululizo wa mihadhara kuhusu uvimbe, nayo ikachapishwa kama kitabu mwaka uliofuata. Wakati huo wataalamu wengi waliuona uvimbe kuwa madhara matupu, na wengine walidhani kwamba seli nyeupe za damu huwabeba wadudu na kuwaeneza mwilini. Metchnikoff aliwapinga. Alishikilia kwamba uvimbe kwa asili yake ni ulinzi.

Waama, sayansi ya leo imelithibitisha wazo hilo na kuliongezea sehemu ya pili. Walinzi wanaweza kukosea. Ukuta wa utumbo una tabaka moja tu la seli linalotenganisha mwili na matrilioni ya bakteria. Katika ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana, walinzi hawaondoki hata pasipo na mvamizi wa dhahiri. Huendelea kushambulia, na ukuta huo ndio unaoumia. Hivyo basi, kutibu uvimbe wa utumbo ni sawa na kumtuliza mlinzi bila kumfukuza langoni.

Kipindupindu na wenyeji wa utumbo

Katika miaka ya mwanzo ya 1890 kipindupindu kilipoingia Ufaransa, Metchnikoff alikunywa bakteria wa ugonjwa huo ili kuona kitakachotokea. Hakuugua. Mmoja wa waliojitolea kufuata mfano wake aliugua sana. Jaribio kama hilo lisingekubaliwa na kamati yoyote ya maadili leo, lakini lilizaa swali kubwa: kwa nini watu wawili wameze mdudu yuleyule, mmoja aanguke na mwingine asimame? Wakazi wa Nairobi waliokumbwa na kipindupindu mwaka 2015 na tena 2017 wangeweza kuuliza swali hilohilo.

Jibu la Metchnikoff lilikuwa kwamba utumbo una wenyeji wake. Katika maabara aliona kwamba baadhi ya bakteria humsaidia mdudu wa kipindupindu kukua, ilhali wengine humzuia. Karibu na wakati huo Henri Tissier, aliyefanya kazi katika taasisi hiyohiyo, aligundua kwamba utumbo wa watoto wanyonyao maziwa ya mama hujaa bakteria wa aina moja wenye umbo la tawi. Leo tunajua kwamba maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hizo ni chakula cha bakteria hao. Mama anyonyeshaye katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, huwalisha wawili kwa pamoja.

Maziwa ya Bulgaria

Kufikia mwaka 1903 Metchnikoff alikuwa amegeukia tatizo la uzee. Aliamini kwamba utumbo mpana ni makao ya bakteria waozeshao chakula, na kwamba sumu yao huuzeesha mwili. Alisikia habari za wakulima wa Bulgaria waliosifika kwa kuishi miaka mingi na kunywa maziwa ya mgando. Alijua kwamba asidi huzuia chakula kuoza. Akaunganisha mambo hayo mawili: bakteria wa maziwa, wakiingia utumboni, watawazuia bakteria waozeshaji.

Mwezi Juni 1904 aliutoa mhadhara kuhusu uzee mjini Paris, na magazeti yakaueneza. Mwaka 1905 Stamen Grigorov, Mbulgaria aliyekuwa akisoma Geneva, alieleza bakteria aliyempata katika maziwa ya kwao. Metchnikoff alimpokea kwa furaha, na katika kitabu chake cha 1907 kuhusu kurefusha maisha alimsifu waziwazi. Yeye mwenyewe alikunywa maziwa hayo kila siku.

Hapa ndipo alipoteleza. Sifa za wazee wa Bulgaria hazikuwa zimehakikiwa, na kuwepo kwa wazee mahali wanywapo maziwa hakuthibitishi kwamba maziwa ndiyo yaliyowazeesha. Wafanyabiashara hawakungoja uthibitisho. Walijaza soko maziwa na vidonge. Nadharia ya sumu ya utumbo ilivuka mipaka hata zaidi. Jijini London daktari mpasuaji William Arbuthnot Lane aliwakata wagonjwa utumbo mpana kwa kuamini kwamba anawaondolea sumu.

Mwaka 1908 Metchnikoff alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani. Ni muhimu kusisitiza kwamba tuzo hiyo ilitolewa kwa kazi zao kuhusu kinga ya mwili. Maziwa hayakuwa sababu. Alifariki Paris mwezi Julai 1916 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 71. Kabla ya kufa aliomba mwili wake upasuliwe na utumbo wake uchunguzwe. Majivu yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur.

Urithi wake

Katika miaka ya 1920 ilibainika kwamba bakteria wa Bulgaria hafanyi makao katika utumbo wa binadamu. Ilionekana kana kwamba nadharia nzima imeanguka. Hata hivyo, wengine walikuwa wameshika njia yake. Mwaka 1917 Alfred Nissle wa Ujerumani alipata bakteria katika kinyesi cha askari ambaye hakuharisha wenzake walipoharisha. Katika miaka ya 1920 Henri Boulard, Mfaransa aliyekuwa Indochina wakati wa kipindupindu, aliona wenyeji wakinywa maji ya maganda ya matunda ili kuzuia kuhara, na humo akapata hamira ambayo ingali inaitwa kwa jina lake. Huko Japani Minoru Shirota alimtenga bakteria wake mwaka 1930 na kuanza kuuza kinywaji chake mwaka 1935.

Utafiti wa baadaye umeonyesha njia ambazo viumbe hawa wanaweza kutumia. Huwania nafasi na chakula na wadudu waharibifu, hutoa asidi, huimarisha viungo vinavyofunga seli za ukuta wa utumbo, na hupeleka ishara zinazotuliza seli za kinga. Majaribio yaliyochapishwa kati ya 1997 na 2004 yalionyesha kwamba bakteria wa Nissle aliwakinga wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana wasizidiwe tena, kwa kiwango kinachokaribiana na dawa ya kawaida. Hamira ya Boulard husaidia kupunguza kuhara kunakoletwa na antibiotiki. Licha ya hayo, kwa ugonjwa wa Crohn ushahidi haujatosheleza, na mwaka 2020 chama cha Marekani cha madaktari wa mfumo wa chakula kilishauri kwamba kwa magonjwa yote mawili probiotiki zitumiwe katika utafiti tu. Isitoshe, mgonjwa mahututi mwenye mrija katika mshipa mkubwa anaweza kuingiwa na hamira hiyo katika damu.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Mwaka 2004 akina mama wa Mwanza, kwa ushirikiano na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa nchini Tanzania na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada, walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria maalumu. Utafiti uliofanyiwa watoto wachanga kusini mwa pwani ya Kenya, na kuchapishwa katikati ya miaka ya 2010, ulionyesha kwamba unga wa madini ya chuma uliotiwa katika uji wao uliongeza bakteria wabaya na dalili za uvimbe wa utumbo. Utafiti wa pili ulionyesha kwamba kuongeza aina fulani ya sukari inayowalisha bakteria wema kulipunguza madhara hayo. Aidha, wataalamu walioichunguza susa ya Kenya na Somalia walikuta imetawaliwa na bakteria ambaye baadhi ya jamaa zake husababisha maradhi. Maziwa mabichi nayo yanaweza kubeba brusela, hata yakiwa yamechacha.

Hitimisho

Maisha ya Metchnikoff yanatufunza mambo mawili yanayopaswa kushikwa pamoja. Alikuwa sahihi aliposema kwamba uvimbe ni kazi ya walinzi wa mwili na kwamba wenyeji wa utumbo wana sauti katika afya yetu. Alikosea alipoyageuza matumaini kuwa hakika kabla ya kupima. Lile jaribio la miba lilithibitishwa kwa usiku mmoja kwa sababu swali lake lilikuwa dogo na lilijibika. Dai la maziwa halikuthibitika kwa sababu lilitaka kuelezea uzee wote wa binadamu wote.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuna wajibu wa ziada. Neno vijidudu limebeba dharau na hofu, nalo neno chachu limebeba ukali na pia uwezo wa kuumua. Mama muuza mala wa Umoja akiambiwa kwamba bidhaa yake ina vijidudu, ataona ametukanwa. Akiambiwa kwamba ina chachu hai, ataelewa mara moja. Uteuzi wa istilahi unaweza kumfikishia mwananchi elimu au kumfukuza.

Ama kwa yule anayeharisha damu, anayekonda bila sababu au mwenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha, mala isimcheleweshe kwenda hospitalini. Hali hizo zahitaji vipimo na dawa. Kwa mtu mwenye afya, mala iliyotokana na maziwa yaliyochemshwa na kuchachishwa katika chombo safi ni chakula chema, na hivyo ndivyo inavyopaswa kusifiwa. Metchnikoff aliomba utumbo wake mwenyewe upimwe baada ya kifo chake. Nasi tuwaombe wanasayansi wetu waipime mala ya Umoja na susa ya Eastleigh kwa uaminifu huohuo.